Zana za Pimbi na Usafi wa Kiboko

"Enyi mliokaa!"
"Tumekaa, tupe!"
"Mmechoka?"
"Tumechoka!"
"Hata mimi. Basi sogeeni, tuchoke pamoja."

Alikuwako Pimbi, mjane mwenye watoto wengi, na zana za chuma alizoachiwa na marehemu mumewe: majembe, mapanga na mashoka. Na alikuwako Kiboko, mwenye tumbo kubwa, na sauti kubwa kuliko tumbo.

Kila mavuno yakiisha, Kiboko alipanda kilimani, pu! pu! pu!

"We Pimbi! Lete zana nikakate matete."

"Chukua, bwana mkubwa."

Akishakata, huzitupa matopeni. Mvua zikikaribia, huzirudisha nyekundu kwa kutu. Pimbi huchota mchanga, akasugua, kwaru, kwaru, kwaru. Wenzake wakipanda, yeye anasugua. Wenzake wakipalilia, yeye anasugua. Mwaka uliopita watoto wake walikula mizizi ya porini, na yule mdogo akaacha hata kulia.

Safari hii Kiboko akatuma neno: "Nakuja kuzichukua moja kwa moja. Nalima mwenyewe."

Pimbi aliketi akaitazama mikono yake. Hata hasira hakuwa nayo, alikuwa na usingizi tu. Kisha akainuka. Nusu ya zana akazisugua kwa mchanga na ndimu, zikang'aa, waa! Nusu ya pili akazianika juani mpaka zikakauka kabisa, akayeyusha nta katika mafuta ya nyonyo, akazipaka, akazifunga kwenye magunia makavu, akazipandisha uchagani juu ya meko. Moshi ukapita juu yake, zikawa nyeusi, zinanata, hazitamaniki.

Kiboko akaja, pu! pu! pu!

"Na zile juu?"

"Bwana mkubwa, zile usizishike. Nibakizie mimi hizo mbovu."

Kiboko akafunua gunia, akagusa, akajifuta kidole. "Pyuu! Uchafu gani huu? Nipe zinazong'aa."

"Zako, bwana mkubwa."

"Nifanyeje zisipate kutu?"

"Usafi tu. Zioshe asubuhi, zioshe jioni, kwa maji mengi."

Kiboko akaosha. Asubuhi, chubwi! Jioni, chubwi!

Mvua zikanyesha. Pimbi akashusha magunia, akapangusa mafuta, na majembe yakatoka kama yalivyoingia. Akalima, akapanda. Kule mtoni Kiboko akainua jembe, akapiga ardhi: kacha! Likameguka kama mkate mkavu. Akapiga la pili: kacha! Akapanda kilimani ananguruma.

"Umenidanganya!"

Pimbi akaegemea mpini. "Uliosha, bwana mkubwa?"

"Kila siku!"

"Asubuhi?"

"Asubuhi!"

"Na jioni?"

Kiboko akashusha sauti. "Jioni moja nilikuwa nimeshiba."

"Aa," akasema Pimbi. "Basi ni jioni hiyo."

Kiboko akainamisha kichwa, akashuka polepole, anajilaumu njia nzima. Pimbi alitaka kucheka, ikatoka miayo. Akaitwa na yule mtoto wake mdogo, anadai chakula kwa sauti ya juu, analia kwelikweli. Pimbi akasimama akamsikiliza kidogo, kisha akaendelea kupanda.

"Hadithi imefunzaje?"
"Sema wewe!"
"Imefunza usafi. Osheni vyombo vyenu kila siku, wala msiruke jioni."
"Tutaosha!"
"Nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, mimi mgongo wauma."