Kompyuta Moja, Mikono Mitatu

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, bali zamani ya karibu tu, simu zilipokuwa zimekwisha kupanda milimani na mtandao ukawa bado unasuasua nyuma yake, palikuwa na kijiji kiitwacho Ikunguje. Kijiji cha ukungu, baridi na viazi. Shule yake ilikuwa na walimu watatu tu: mwalimu mkuu, aliyeshika madarasa ya juu, na mtu na mkewe. Mume akiitwa Ambakisye, mke akiitwa Sekela.

Hao wawili hawakuwa na cheti. Walimaliza kidato cha nne, wakaona watoto wa kijiji wanashinda wakicheza kwa kukosa wa kuwafundisha, wakaingia darasani kujitolea. Mume akashika la tatu na la nne, mke akashika la kwanza na la pili. Jioni, wakimenya viazi, hawakuzungumza jingine ila watoto wa watu: nani leo kasoma sentensi nzima, nani bado anachanganya herufi.

Siku moja ikaja amri: asiye na cheti asishike chaki. Atapewa muda asome. Muda ukiisha hajasoma, atoke.

Sekela akapiga hesabu ya safari. Chuo cha ualimu kilikuwa mjini, mwendo wa kulala njiani, naye ana mtoto mchanga, Lusajo, bado ananyonya. Lakini chuo kile kilikuwa kimeanza jambo jipya: kufundisha walimu kwa masafa. Mwanafunzi anabaki kwake na simu yake, mkufunzi anabaki mjini na kompyuta yake, somo linapita hewani. Sekela na Ambakisye wakaomba wote wawili. Wakakubaliwa wote wawili.

Furaha yao haikukaa. Mtandao wa Ikunguje ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima cha Lusala, na vipindi vya chuo vilikuwa mchana, watoto wakiwa darasani. Wakipanda wote, madarasa manne yabaki na nani? Na simu yenye uwezo wa kuonyesha picha ilikuwa moja tu kijiji kizima.

Sekela akakaa kizingitini, mtoto mapajani. "Basi, Baba Lusajo, ualimu nimeukosa. Kasome wewe."

"Hujaukosa," Ambakisye akajibu. "Mimi nipo."

Akapanda Lusala peke yake, akawaandikia watu wa chuo kwamba nafasi yake ameiacha. Tangu hapo Sekela akawa anapanda kilimani kusoma, naye mume anabaki na madarasa manne kwa mpigo. Anakimbia huku na huku kama mpishi wa arusi mwenye masufuria mengi, Lusajo mgongoni, maana upepo wa Lusala haufai kwa mtoto. Watu wakamcheka: "Ambakisye siku hizi ni yaya!" Naye anacheka nao, kisha anageuka kuandika ubaoni.

Hivyo njia ikafunguka. Lakini kufunguka kwa njia siyo kufika.

Masomo ya chuo yalikuwa ya video. Mjini yanafunguka mara moja, Lusala, hasha. Sekela anajifunika khanga kichwani, anabonyeza, anaona kiduara kinazunguka. Kinazunguka, kinazunguka, mpaka jua linageuka upande, hajaona hata uso wa mkufunzi. Wenzake wanafika somo la tano, yeye angali la kwanza. Siku moja akamwandikia mkufunzi wake wa hisabati, Mkufunzi Mligo, maneno machache: "Shikamoo, Mkufunzi. Nashukuru kwa yote. Ualimu nimeukosa."

Mkufunzi Mligo alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Kompyuta zilipoingia chuoni, wazee wenziwe walizikwepa; yeye aliwaita vijana wa ofisini wamfundishe, akakosea, wakacheka, akarudia. Aliposoma ujumbe wa Sekela, akajibu: "Marahaba. Hujaukosa. Mimi nipo."

Akajifungia chumbani, akaanza kurekodi masomo yake upya, kwa sauti tupu, vipande vifupi vinavyoweza kupita hata kwenye mtandao wa kuchechemea. Picha alizieleza kwa maneno. "Sekela, mwanangu, usimwambie mtoto kwamba robo ni sehemu moja ya nne. Hatakuelewa. Mpe kiazi na kisu kisicho na makali, akate mwenyewe. Akishakata, muulize." Sekela akawa anasikiliza kilimani, anarudi nyumbani anasikiliza tena jikoni, Ambakisye naye akitega sikio. Sauti ile akaijua kuliko alivyozijua za wajomba zake. Na si yeye peke yake. Walimu wa milimani wote wakaiomba, wakagawiana.

Katikati ya muhula koo la mzee likaanza kuuma. Daktari akamwonya: "Pumzisha sauti yako, mzee. Ukiendelea kuisumbua, itaondoka isirudi." Mzee akatazama masomo yaliyobaki, akatazama siku za mtihani zinavyosogea, akaendelea. Masomo ya mwisho yalifika Lusala yakikwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Yalipokwisha, sauti ikaondoka. Haikurudi, ukabaki mnong'ono wa kusikiwa na aliye karibu tu.

Hivyo elimu ikaingia. Lakini kuingia kwa elimu siyo kufaulu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kufundisha. Mwanafunzi atafundisha darasa lake mwenyewe, na wakufunzi mjini watamtazama kwa simu, papo kwa papo; picha hafifu ingetosha, mradi sauti isikike. Sekela akapanga kuwapandisha watoto Lusala. Siku iliyotangulia, akiwa anarudi kutoka kupatazama mahali, akateleza kwenye utelezi. Mwenyewe aliamka mzima. Simu iligonga jiwe, kioo kikapasuka, ikazima moja kwa moja.

Dukani kijijini palikuwa na simu ndogo ya kitochi, ya kupigia tu. Sekela akaiazima, akapanda nayo, akampigia Havijawa.

Havijawa alikuwa mwanafunzi mwenziwe, mwalimu wa kujitolea huko bondeni kwenye mpunga. Walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Walijuana kwenye kundi la masomo simuni, wakasahihishana mazoezi, wakaanza kuulizana hali, wakawa ndugu.

"Shoga yangu," Sekela akasema huku analia, "simu yangu imekufa. Kesho asubuhi ndiyo zamu yangu. Ualimu nimeukosa."

"Hujaukosa. Mimi nipo," akajibu Havijawa, akakata simu kabla hajaulizwa swali.

Akadandia lori la kwenda kupakia viazi. Lori likakwama njiani kwenye tope, akateremka, akapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi. Asubuhi watoto wa Ikunguje walipokuwa wakiegemeza ubao kwenye jiwe juu ya Lusala, wakaona mwanamke mgeni anatokea ukunguni, matope mpaka magotini, simu kaifunga kiunoni kwa khanga. Wakakumbatiana, Sekela na Havijawa, wakatazamana nyuso. "Kumbe mfupi hivi!" akasema Havijawa, wakacheka na machozi yao.

Manyunyu yakaanza. Mwavuli ulikuwa mmoja tu. Havijawa akaamuru usimamishwe juu ya ubao, chaki isifutike. Yeye akasimama mvuani, simu kaishika kwa mikono miwili, haitikisiki. Kutoka mjini ikasikika: "Tunakuona, Mwalimu. Endelea."

Sekela akachukua kiazi, akampa mtoto mmoja kisu, akate katikati. "Haya, nusu hii na nusu ile, kubwa ipi?"

"Hakuna kubwa, Mwalimu!" mtoto akajibu. "Labda iwe nimekata kwa choyo!"

Watoto wakaangua kicheko. Ndani ya simu, wakufunzi nao wakacheka. Somo likaenda kama maji kwenye mfereji, likaisha, na Sekela akaambiwa amefanya vyema.

Alipogeuka amshukuru rafiki yake, akamwona anafunga khanga kwa haraka. "Mbona mbio? Uji uko jikoni."

"Na mimi nina mtihani leo," Havijawa akasema. "Alasiri, kwangu bondeni. Nikiwahi lori nitafika."

Sekela akamshika mkono. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali nije?"

Akashuka mbio. Mto wa chini ulikuwa umejaa, maji yanapita juu ya daraja. Akasimama ukingoni, akatoa simu awaombe wakufunzi wamsubiri, nayo, kwa maji iliyokunywa kilimani, haikuwaka tena. Alasiri ikaja, ikapita. Alipowafikia watu wa chuo, wakampa pole, kisha wakamwambia: "Mtihani umepita, dada. Subiri mwakani."

Siku ya mahafali, katika wote waliosoma kwa masafa, Sekela ndiye aliyeongoza. Akaitwa jukwaani na joho lake. Mkuu wa Chuo akamkabidhi kompyuta mpya ya kubebeka, pamoja na paneli yake ya sola. Sekela akapiga magoti kushukuru, lakini Mkuu wa Chuo akamwinua.

"Mwalimu, hii si yako. Mila ya chuo chetu ni hii: anayeongoza humpa zawadi mtu aliyemfanya awe mwalimu. Mtu mmoja. Nenda ukae na watu wako, wageni wakinywa chai, kisha urudi umtaje."

Watu wake walikuwa watatu, na walikuwapo wote. Sekela akaketi nao, kompyuta mapajani. Wote wakaitazama, kisha wote wakajifanya hawaitazami. Sekela akasema: "Ninyi ni watu wangu. Mkinificha ya moyoni, mtanikosesha. Semeni kweli."

Ambakisye akasema kwanza. Tangu walimu wenye vyeti walipoletwa Ikunguje, yeye aliambiwa asante, akarudi shambani. "Mama Lusajo, nikisema siitaki, nitakuwa mwongo. Kila siku napita na jembe langu nyuma ya shule. Nasikia watoto wanaimba jedwali, wanakosea, na hakuna aliyewasikia ila mimi. Naendelea na safari, nifanyeje? Watu wanasema nilikupa muda wangu. Mimi nilikupa ualimu wangu. Nikiipata hii, nitapanda nayo Lusala nisome, nitarudi darasani. Bila mimi kubaki chini, ungepandaje juu?"

Mkufunzi Mligo akasogeza kiti, wakainama wamsikie. Alikuwa amestaafu, na kompyuta ya chuo aliirudisha. "Mwanangu, maneno ya mumeo ni mazito, nami nayaheshimu. Lakini walimu wa milimani wanaendelea kuniandikia: Mkufunzi, tueleze hili, tueleze lile. Nawajibu nini? Sauti sina tena. Mikono ninayo, kwa kompyuta ningewaandikia, ningewachorea, wakasoma. Nawe umeambiwa umpe aliyekufanya mwalimu. Anayemfanya mtu mwalimu, kama si aliyemfundisha, ni nani?"

Wakamgeukia Havijawa. Alikuwa kavaa nguo za kawaida katikati ya majoho, amekuja kupiga vigelegele tu. Akacheka kidogo. "Wenzangu mmesema vizuri mno, mmeniharibia." Kisha kicheko kikamwisha. "Mimi nimekuja kukupongeza, shoga, sikuja kudai. Ila umetaka kweli. Leo hapa ningekuwa na joho langu. Simu sina, somo linaanza upya mwezi ujao, na nitalisoma kwa kitu gani? Mumeo alifanya, Mkufunzi alifanya, na bado siku ile ulilia ukasema umeukosa. Uliyemlilia ni mimi."

Sekela akawatazama mmoja mmoja. Akaukumbuka mgongo wa mumewe na mtoto juu yake. Akaikumbuka sauti ile jikoni. Akaikumbuka mikono isiyotikisika mvuani. Kila aliyesema alikuwa amesema kweli.

"Mwalimu Sekela!" Mkuu wa Chuo akaita. "Wageni wanasubiri. Mtaje."

Sekela akainuka, kompyuta kifuani, akapanda jukwaani. Akafungua kinywa.

Nami kinywa changu nakifunga hapa, nawaachia ninyi chenu. Msije mkaniambia wagawane; kompyuta si muwa, haikatwi vipande. Wala msiniambie waiazimane. Mmoja yuko mlimani, mmoja mjini, mmoja bondeni, na mto kati yao mnaujua. Yupo aliyemwachia ualimu wake. Yupo aliyempa sauti yake. Yupo aliyepoteza mtihani wake kwa ajili ya wa mwenzake.

Haya, jamaa zangu mliosikiliza, msikwepe macho: kompyuta ile, je, nani aliistahili?