Mize na Kamba ya Fundi Zaituni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za kinyonge, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, kulikuwa na kijiji cha wasuka mikeka. Kila msichana wa hapo alifunzwa kusuka ukili, ule ukanda mrefu wa miyaa, majani ya mkindu, unaoshonwa ukawa mkeka. Mwalimu wao alikuwa Fundi Zaituni. Mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alisimama mbele ya wasichana akaimba hesabu:

"Mbili juu, moja chini, kunja ukingo, rudi mwanzo!"

Wasichana wakasuka. Shwa, shwa, shwa.

Mize peke yake akabaki anaitazama miyaa. Hakuwa mvivu, na masikio yake yalikuwa mazima. Ila hesabu ikimwingia kichwani ilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Akifika "kunja ukingo", "mbili juu" imeshapotea. Na desturi ilikuwa kali. Siku ya kusuka mbele ya wazee, atakayeshindwa anaondolewa kwenye kibanda cha kusukia, anapelekwa bondeni kuamia ndege wasile mpunga, peke yake, mwaka hadi mwaka. Mize aliliogopa bonde lile. Zaidi aliogopa kuwakosa wenzake.

Mama yake akamwomba fundi amwongezee masomo. Fundi akakubali kwa moyo mweupe. Wenzake wakienda kucheza, Mize anabaki. Fundi anasimama palepale, anaimba yaleyale, ila kwa sauti kubwa zaidi.

"MBILI JUU! MOJA CHINI!"

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Siku kumi! Mbuzi wa jirani wakahamia upande wa pili wa kijiji. Mize hakusuka hata shubiri moja.

"Nimefika mwisho wangu," fundi akamwambia mama mtu. "Mtoto ana kichwa kizito. Aende akaamie ndege."

Maneno yakamfikia Bi Tausi. Mnamkumbuka Bi Tausi? Waongo nyinyi, alikufa kabla babu zenu hawajazaliwa! Alikuwa msokota kamba, mzee kuliko wote kijijini, na mtundu kuliko watoto wote. Akaja kibandani na kapu la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi.

"Zaituni mwanangu, nataka nikufundishe kamba kabla sijafa."

"Nifundishe, Bi. Kamba ni kitu gani kwangu mimi!"

Bi Tausi akaficha mikono mgongoni. "Gawa mara mbili, sokota kulia, pishanisha kushoto, ongeza nyuzi!"

Fundi akasokota. Fyuu! Ikafumuka.

"GAWA MARA MBILI! SOKOTA KULIA!"

Fyuu! Ikafumuka.

"Maskini," akasema Bi Tausi. "Tutamwongezea masomo."

Kesho yake akaja, maneno yaleyale, mikono mgongoni. Fyuu! Keshokutwa yake, fyuu! Wasichana wakaziba midomo kwa viganja. Mize peke yake hakucheka. Alijua fundi anavyojisikia, akamwonea huruma.

Bi Tausi akawageukia wasichana. "Nimefika mwisho wangu. Huyu ana kichwa kizito. Aende akaamie ndege."

"Sina kichwa kizito!" fundi akafoka. "Hujanionyesha hata mara moja! Unanipigia kelele tu!"

Fundi akamtazama Mize, uso ukamshuka.

"Lete mikono hiyo," akasema Bi Tausi kwa upole. Akaishika, akaiongoza. Kamba ikatoka, fupi, imekaza.

Mchana uleule fundi akarudi kwa Mize. Hakuimba. Alitia miyaa rangi: nyekundu ipite juu, nyeupe ipite chini. Akakaa nyuma yake, mikono juu ya mikono. Siku nyingine ukili ulikwenda kombo, wakafumua wakicheka. Siku nyingine Mize alilia, wakaacha, wakala mihogo. Kila mchana, polepole, mpaka siku ya wazee.

"Sema hesabu," mzee mmoja akamwamuru.

Mize akafungua mdomo. Hamna kitu. Wazee wakaanza kunong'onezana habari za bonde. Mama yake akashika kifua.

Fundi Zaituni akasimama. "Niwieni radhi, wazee wangu. Mimi hesabu ya kamba hadi leo siwezi kuisema, na kamba nasokota. Mpeni miyaa."

Mize akapewa. Shwa. Kimya. Shwa, shwa. Jasho likamtoka. Shwa, shwa, shwa, dhiraa nzima! Mzee akauvuta ukili huku na huku. Haukufumuka.

"Akae na wenzake," akasema.

Mize akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Basi wenzangu, masomo ya ziada yanasaidia, na anayebisha akamwulize Mize. Lakini kurudia yaleyale kwa sauti kubwa ni kuongeza kelele tu. Mtoto wa namna hii mwongezee njia nyingine, na mtu wa kukaa naye.

Hadithi yangu imetua hapo. Kama kuna ambaye hajaelewa, sitapaza sauti. Asogee karibu.