Tuzo Si Ujira

“Tuzo si ujira.” Leo mmemsikia mjomba wenu akimwambia hivyo tajiri wake, aliyempa kanzu ya Idi kisha akataka kumkata mshahara, nanyi mkacheka. Haya, kaeni niwaambie methali hiyo ilikoanzia, maana mimi bibi yenu nilikuwepo, nikipiga ngoma ya dumbaki katika kikundi cha taarabu mjini Tanga.

Mwimbaji wetu alikuwa Bi Mwanakombo. Lo! Akifungua kinywa, hata wauza kashata mlangoni walisahau kuuza. Kila Ijumaa alasiri tulipiga taarabu katika ukumbi wa Bwana Masoud Ghalib. Desturi mnaijua: wimbo ukimgusa mtu, huinuka, hucheza taratibu hadi jukwaani akamtunza mwimbaji kwa kumtia noti mkononi. Hiyo ni zawadi ya mwimbaji. Sisi wapigaji tunangoja ujira wa mwenye ukumbi.

Ijumaa tatu zikapita, Bwana Masoud hakutoa kitu.

“Si mmetunzwa?” alituambia. “Mnataka nini tena?”

“Katunzwa Bi Mwanakombo, si sisi,” alijibu Mzee Shaali, mpiga fidla wetu.

“Na si huwa anawagawia?”

Ni kweli, alitugawia kwa huruma yake, nasi kwa ujinga wetu tukapokea, tukamzoesha tajiri ubahili. Mzee Shaali akaamua kuiuza fidla yake, na mnunuzi alishakuja kuitazama. Bila fidla ile, kikundi kimekwisha.

Ijumaa ya nne ukumbi ulifurika. Bi Mwanakombo akapanda jukwaani, akafumbata mikono nyuma, akaimba. Wallahi wajukuu zangu, sijasikia tena sauti kama ile! Mwili ulinisisimka, nikapoteza mapigo mara mbili, mimi! Watu wakamiminika kumtunza, lakini mikono hakuitoa. Noti zikaanguka miguuni pake, na hapana aliyethubutu kuzigusa. Wimbo ulipokwisha, akamgeukia mwenye ukumbi.

“Kaka Masoud,” aliita, “wasema tuzo hizi ndizo malipo ya wapigaji wako. Basi ni zako. Njoo uziokote.”

Tamaa mbele, Bwana Masoud akapanda. Alipoinama tu, bi kizee mmoja wa safu ya mbele akamuuliza kwa upole:

“Mwanangu, mimi nimemtunza mwimbaji. Wewe umeimba wimbo gani?”

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka, angepona. Macho ya ukumbi mzima yalikuwa juu yake, naye akainuka mikono mitupu. Niliogopa, siwafichi, sikujua kama kimya cha watu kina nguvu namna ile. Alishuka, akafungua saraka ya meza yake, akatulipa Ijumaa zote nne, akianza na Mzee Shaali.

Ndipo Bi Mwanakombo akainama, akaokota noti zake mwenyewe, moja moja. Siku hiyo hakutugawia hata senti, wala hatukuomba. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akamtazama Bwana Masoud, akasema:

“Tuzo si ujira.”