Wimbo Mmoja wa Mama Subilaga

Sogeeni, na nyie wa nyuma msikie. Kesi hii imenishinda mimi mwenyewe, ndiyo maana nawatupia nyie.

Palikuwa na hospitali yenye mashine ya kutibu saratani. Ndani yake chembe ndogo ajabu hukimbizwa kwa kasi ya kutisha, na kinachotoka ni mwale. Ukipiga panapotakiwa, unaua uvimbe. Ukiegemea upande, unaunguza pazima. Watatu waliutunza mwale huo: Gaudensia mwenye macho makali, Lwitiko mwenye subira, na Kepha, fundi aliyeweza kufunga kila kitu isipokuwa mdomo wake.

Siku moja zamu ilikuwa ya Mama Subilaga, mwimbishaji wa kwaya, mwenye uvimbe kooni. "Nitibuni," aliwaomba, "ila sauti yangu mniachie, jamani."

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Gaudensia hulaza kitandani bamba lenye vipimio vidogo vingi, nalo huchora umbo la mwale. Mchoro mzuri una mabega mawili yaliyo sawa. Siku hiyo bega la kushoto lilikuwa limelala.

"Bamba lenyewe zee hilo," Kepha akasema. "Juzi si lilitusumbua bure? Mwite mama wa watu atibiwe."

"Kitufe sibonyezi," Gaudensia akasema.

"Una ushahidi?"

"Sina. Na sibonyezi!"

Kepha akafoka, wagonjwa wakanung'unika kwenye benchi. Gaudensia machozi yakamlengalenga, lakini kitufe hakukigusa.

Lwitiko hakubishana na mtu. Alijaza maji kwenye tangi la vipimo, akazamisha kipimio kidogo kama punje ya harage, akakisogeza milimita kwa milimita huku akiandika nguvu ya mwale kila mahali. Chai ikapoa, chakula cha mchana kikampita. Saa nane akainua karatasi yake.

"Bamba lilisema kweli," akasema. "Mwale umeegemea."

Ala! Kepha aliona haya mpaka masikioni. Akavua saa, akaifungua mashine, akapekua hadi akakuta sumaku inayouelekeza mwale imepungukiwa umeme. Pale hospitalini hakuna mwingine aliyejua kuitengeneza. Jioni mabega yalikuwa sawa, na Mama Subilaga akatibiwa.

Miezi ikapita, mama akarudi. Uvimbe hakuna, sauti ipo! Ila daktari alimruhusu wimbo mmoja tu, kisha anyamaze mwezi mzima.

"Wimbo huo nimemwekea aliyeniokolea sauti," akasema. "Nimtaje nani?"

"Lwitiko," akasema Gaudensia. "Mimi nilikuwa na ubishi tu."

"Bila ubishi wako ningepima nini?" Lwitiko akamjibu.

Kepha alitazama viatu vyake. "Mimi nilitaka kibonyezwe, mama. Nisamehe."

"Lakini wewe ndiye uliyeitengeneza mashine, mwanangu."

Haya, jamani. Bila Gaudensia, koo lingeungua. Bila Lwitiko, nani angemwamini Gaudensia? Bila Kepha, mama angerudi nyumbani na uvimbe wake. Na mama ameshasimama, ameshavuta pumzi, anasubiri jina moja.

Wewe hapo unayetikisa kichwa, hebu mnong'oneze: aimbe jina la nani?