Kwa Nini Mama Hondohondo Huzibiwa Mlango

Wewe mwenye kijiti, ngoja kwanza. Tundu hilo la mtini lililokandikwa udongo, likabaki ufa mwembamba wa kupenya mdomo tu, lina mwenyewe. Ndani yumo mama hondohondo na mayai yake. Mumewe humletea kuyu asubuhi na jioni, akamlisha kupitia ufa huo, na mama hukaa humo gizani bila manyoya ya kurukia mpaka watoto wapate nguvu. Watu wengi hudhani ni wivu wa mume. Nimewasikia wanaume wa hapa wakilisifu jambo hilo kilabuni, eti hondohondo ndiye mwanamume wa kweli. Hawajui kitu. Mlango ule wa kwanza ulizibwa na mwanamke mwenyewe, tena kwa sababu zake.

Zamani hizo hondohondo walijenga waziwazi juu ya tagaa, kama njiwa, na hawakuona neno. Ndege wote walikuwa taifa moja, na taifa hilo lilikuwa na Mwita-Mvua. Kazi yake haikuwa kutawala. Kila msimu ulipofika alisimama juu ya jabali akaisoma dua ya mvua, dua ndefu kweli, tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka neno, na mvua ikaja. Ndege wote walimwita Baba. Aliyepewa kiti hicho alikikalia mpaka afe, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba kinaweza kuachwa.

Siku hizo Baba alikuwa Korongo. Najua mtanicheka, kwa sababu korongo wa leo ni bubu, hugongagonga mdomo tu. Lakini wakati ule alikuwa na sauti ambayo ilifika ng'ambo ya milima, na vifaranga walilazwa kwayo. Tatizo ni kwamba alikuwa amezeeka.

Msimu mmoja mvua ilichelewa, ndege wakasema ni mambo ya Mungu. Msimu uliofuata haikuja kabisa. Kuyu zilikauka mtini zingali changa. Mama Hondo, ambaye ndiye mwenye kisa hiki, alikuwa na makinda waliotoka kuanguliwa. Aliwafunika kwa mbawa zake mchana kutwa, lakini jua la mwaka ule lilipenya hata kwenye mbawa, na makinda wakafa mmoja baada ya mwingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakulia mbele za watu. Aliruka moja kwa moja mpaka jabalini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mwaka huu uliita?"

"Niliita."

"Uliita dua nzima?"

Korongo alitazama anga lisilo na wingu. Kisha akasema, "Nilifika katikati, mwanangu. Hapo katikati pananipotea. Naanza upya, pananipotea pale pale."

Mama Hondo alikuwa amekuja na maneno makali tayari kinywani. Aliyameza. Aliiona miguu ya mzee ikitetemeka juu ya jiwe, akamhurumia, na huruma ile ilimuuma kuliko hasira, maana hasira angeweza kuitoa ikaisha.

"Basi waambie, Baba," alisema. "Heri wakusikie wewe mwenyewe kuliko wasikie kwa makaburi yetu."

Korongo aliwaita ndege wote na kuwaambia kwamba anashuka kwenye jabali. Hakuna aliyeelewa. Kanga alipiga kelele kwamba baba haachi ubaba, na kama huyu anaacha basi kesho na mama zetu wataacha umama. Tai alisema ng'ombe haelemewi na nunduye, Baba apumzike kidogo tu, atarudi. Wengine walilia. Wapo waliofurahi kimyakimya, na hao mtawaona mbele.

"Siachi kuwapenda," Korongo aliwajibu. "Naacha kuita. Koo ni langu lakini mvua ni yenu, na sitaki mfe kwa ajili ya heshima yangu."

Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Alichukua kibuyu chenye shingo nyembamba, akaitema sauti yake humo ndani, yote, hakujibakizia hata ya kuombea maji, akakifunika kwa jani. Akakiacha juu ya jabali, akashuka kwa miguu mpaka kwenye matete akasimama huko peke yake.

Sasa lilibaki la kumpata mwingine. Kila kabila la ndege lilitoa mjumbe, na wajumbe wakakutana ukingoni mwa mto. Hondohondo walimtoa Mama Hondo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kiu kuliko wote ya kuona jambo hili limekwisha. Na kulikuwa na desturi moja ambayo wazee waliiona nzuri sana: mjumbe hali chake. Muda wote wa kikao, wajumbe walilishwa na taifa. Kila aliyetaka kiti, au aliyekuwa na ndugu anayekitaka, alileta chakula. Tai alileta nyama. Kunguru, ambaye hakuna asichokiweza, alileta karanga na mahindi mabichi, na Mungu ndiye anayejua aliyatoa wapi katika ukame ule.

Basi wajumbe walikula. Walizungumza asubuhi, wakala, wakalala mchana, wakaahirisha. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wakishiba sana neno huvunda. Mwewe alizunguka juu angani akiwatazama wale waliotaja jina asilolipenda. Huku vijijini ndege walilamba umande kwenye majani, na umande nao ukaanza kuadimika.

Mama Hondo alijua jambo moja ambalo wenzake hawakulijua. Alikuwa na yai tumboni. Akilitaga waziwazi chini ya jua lile, alijua mwisho wake. Alikwisha kuuona.

Jioni alimwendea mumewe, bwana wa maneno machache.

"Baba Hondo, kesho niletee udongo."

"Wa nini?"

"Wewe lete tu. Na usinichoke."

Kulipokucha Mama Hondo aliwaambia wajumbe kwamba jua limezidi, waingie kwenye pango la mvule mkubwa uliokuwa hapo ukingoni, mna baridi na mna nafasi ya wote. Wajumbe walioshiba hupenda kivuli. Waliingia mmoja mmoja, Tai mbele, Kunguru nyuma yake, Kanga, na wengine wote, na Dudumizi, ndege wa vichakani ambaye huruka kama mtu aliyejitwika kuni, akajikunyata pembeni. Mama Hondo aliingia wa mwisho akakaa mlangoni. Mumewe alikuwa akileta matonge ya udongo kwa nje, naye akiyapokea na kuyakandika kwa ubavu wa mdomo.

"Mama Hondo, unafanya nini hapo?" Tai aliuliza.

"Nazuia vumbi, mzee wangu."

Wakaendelea na mazungumzo yao. Walipokumbuka kutazama tena, vumbi lilikuwa limezuiwa barabara na udongo umekauka. Ulibaki ufa mwembamba tu. Tai alinguruma, Kunguru akatukana kwa lugha zote anazozijua. Mama Hondo akawaambia, "Tutatoka tukiwa na Baba. Bila Baba hatutoki." Nguvu za kuuvunja walikuwa nazo, lakini mlangoni kaketi mama aliyekwisha kutaga, na hata Tai hakuthubutu kumpita mama aliye juu ya yai.

Sasa chakula kikawa kile cha kupita ufani. Nyama ya Tai haikupita, na mahindi ya Kunguru hayakupita. Zilipita kuyu kavu za Baba Hondo, mdomo mmoja kwa wote. Siku ya kwanza walizikataa. Iliyofuata wakazigawana. Baadaye walikuwa wakizinyang'anyana, na ndipo walipoanza kusema mambo ya maana.

Nje nako kulikuwa na vurugu. Ndege walirundikana ufani wakiuliza, "Mmempata? Mmempata?" mpaka wa ndani wakashindwa kusikilizana. Wakakubaliana watoe ishara. Wakishindwa kuafikiana, litatolewa nyoya jeusi. Wakimpata, litatolewa jeupe. Likabaki swali la nani atatoa manyoya. Tai alisema yake ni ya kurukia. Kunguru alisema anatajwa kwenye kiti, haifai nyoya lake litumike, watu watasema. Wengine wakatazama juu, kana kwamba palikuwa na kitu cha kutazama.

"Chukueni yangu," alisema Mama Hondo. "Mimi siendi popote."

Kila waliposhindwa, aling'oa nyoya moja la ubawa wake akalisukuma nje. Na walishindwa mara nyingi. Kunguru alijitaja mwenyewe kila mara, kwa moyo mkunjufu. Baba Hondo aliyaokota manyoya yale chini ya mti, akayaweka pamoja. Aliyajua ni ya nani.

Huko nje wenye haraka walimwendea Korongo kwenye matete. Walimwomba ataje jina moja tu, wajumbe watalifuata. Wakamwambia kama hawezi kusema basi aelekeze kwa mdomo, inatosha. Korongo alikunja mguu mmoja, akageuza uso upande wa maji. Angeweza kuelekeza. Jina alikuwa nalo moyoni, nadhani. Lakini aliyeshuka jabalini ameshuka, na hilo lilimgharimu zaidi kuliko sauti.

Manyoya ya Mama Hondo yalipokaribia kwisha, uvumilivu wake ulikwisha kabla ya hayo. Akasema, "Wazee wangu, tumekuwa tukiulizana nani ana nguvu na nani ana sauti. Korongo alikuwa navyo vyote. Mimi nauliza jingine. Siku ukishindwa, utatuambia?"

Tai alisema tai hashindwi. Kunguru alisema atawaambia, akiona wakati unafaa. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu zuri. Dudumizi alipofikiwa alificha uso.

"Mimi nimeshashindwa sasa hivi," alisema. "Hata hapa naogopa giza. Mkinipa kazi hiyo nitakuwa nawaambia kila siku."

Wajumbe walicheka. Njaa na kicheko havikai pamoja, ila mara hii vilikaa. Kisha kicheko kikakatika, kila mmoja akamtazama Dudumizi kwa jicho jipya. Jina lake lilitajwa na huyu, likatajwa na yule, mpaka Tai naye akalitaja, kwa shingo upande. Kunguru alijitaja mwenyewe, lakini kwa sauti ya chini. Dudumizi alilia. Mama Hondo alijipinda, akang'oa nyoya jeupe la mkiani, akalitoa ufani.

Kelele zilizopigwa nje zilitikisa mvule. Udongo ulivunjwa, wajumbe wakatoka wamekonda, wakampeleka Dudumizi jabalini huku akijikwaa. Alifunua kibuyu, akanywa sauti iliyokuwemo, na dua, ambayo alilazwa kwayo tangu kifaranga, ikatoka tangu mwanzo, ikapita pale katikati, ikafika mwisho. Wingu likaja kutoka upande wa milima, na mvua ikanyesha.

Mvuleni walikuwa wamebaki wawili.

"Twende tukanyeshewe, mke wangu," alisema Baba Hondo.

Mama Hondo alikunjua ubawa wake, akamwonyesha. Ulikuwa mifupa na ngozi. Chini yake yai lilikuwa limepasuka, na kinda, uchi kama yeye, alikuwa akitafuta hewa.

"Ziba," alisema.

"Mvua imekuja, Mama Hondo. Hukuitafuta hii?"

"Niliitafuta, na ninaisikia. Jua nalo litarudi. Ziba, mume wangu. Safari hii halitampata."

Baba Hondo alichota udongo, ambao sasa ulikuwa tele, akaziba huku analia. Na walipokuwa katika kazi hiyo, mmoja nje na mmoja ndani, Korongo alikuja kutoka kwenye matete, amelowa mpaka mifupani. Alisimama chini ya mvule. Alitaka kusema neno, nalo hakuwa nalo. Akagonga mdomo wake, ka-ka-ka-ka, kwa muda mrefu, na Mama Hondo akamjua, akamjibu kwa kugonga udongo.

Na tangu siku hiyo dudumizi huita mvua kutoka vichakani, na sauti yake husikika kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Akichoka hunyamaza katikati, hana aibu. Korongo ni bubu. Husimama karibu na mkutano wa wenzake, akasikia yote, asitie neno. Kunguru bado anajitaja mwenyewe. Hata kwa wanadamu, nasikia, lipo kundi la wazee ambao hufungiwa ndani wakimtafuta Baba wao, na walio nje hutazama juu wakingoja rangi, ila wao hutumia moshi. Nani alimwiga nani, siulizi.

Na mama hondohondo, kila anapotaka kutaga, huingia mtini, akazibiwa, akayaacha manyoya yake humo. Hakuna aliyemlazimisha. Basi wewe mwenye kijiti, kitupe.