Mwavuli wa Tindo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Shomari, acha kuchezea moto, utakojoa kitandani. Nawe Tatu, chambua matembele huku unasikiliza.

Basi hapo kale, matembele yakijiotea bila mwenyewe, palikuwa na Mama Mbawakawa na mwanawe, Tindo. Walikaa juu ya jani, wakala jani. Mama alikuwa na gamba gumu. Tindo alikuwa laini, hana gamba, hana mbawa. Mama akamwambia, 'Mwanangu, ukinya usiyatupe. Yabebe mgongoni. Siafu hawali kinachonuka.'"

"Bibi! Alibeba mavi?"

"Alibeba mavi. Haya, chekeni mmalize.

Siku ya kwanza akapita Kipepeo. 'Phuu! Unanuka!' Tindo akalia. 'Vumilia, mwanangu,' mama akasema. 'Huo ndio mwavuli wako.'

Siku ya pili akapita Panzi. 'Phuu! Usije kwenye ngoma yangu!' Tindo akalia mpaka kwikwi ikamshika. 'Vumilia, mwanangu. Huo ndio mwavuli wako.'

Siku ya tatu ngoma ikalia, tindi! tindi! Tindo akautupa mzigo wake, akaoga umande, akang'aa. Maskini, alitaka kucheza na wenzake tu."

"Siafu wakamwona?"

"Wakamwona! Wakaja msururu mzima. Panzi huyoo, karuka. Kipepeo huyoo, kapaa. Tindo kabaki peke yake. 'Mama weee!'

Mama akaja mbio, akamfunika, akang'ang'ania jani, ndi! Siafu wakavuta, habanduki. Wakauma gamba, halitoboki. Lakini mguu wake mmoja ulibaki nje. Wakaung'oa.

Mama hakuinuka. Siafu wakachoka, wakaenda zao. Tindo akatoka, akaona mguu haupo. Akalia sana. 'Nisamehe, mama.'

'Nyamaza, baba. Ukinuka nakupenda, uking'aa nakupenda. Ila beba mwavuli wako mpaka uote gamba.' Tindo akaubeba tena.

Nanyi wajukuu zangu, msimcheke mtu kwa mzigo anaoubeba. Hamjui unamkinga na nini. Hadithi yangu imekomea hapo, leteni matembele yaingie chunguni."

Shomari akaleta yake. Tatu hakuleta. Alikuwa ameshika jani moja, na juu yake mdudu mdogo mwenye gamba.

"Bibi," akasema, "huyu ana miguu mitano."

Bibi akasogea, akahesabu.

"Mrudishe shambani, mama, taratibu. Mwanawe anamngoja."