Mji Ulioteremka na Mto

"Usilaani nyumba ya jirani, gogo lako limo ukutani." Mmecheka, mkauliza gogo linaingiaje kwenye ugomvi wa watu. Basi methali hii ilianzia mbali, Urusi, kwenye kamji kadogo kanaitwa Kruglitsa. Sogeeni muone picha hapa kwenye simu: nyumba zote za magogo, madirisha yamechongwa maua. Sasa shikeni roho. Nyumba hizi hazikujengwa hapa mara ya kwanza. Zilikuja zikielea!

Zamani mji ulikuwa bondeni. Serikali ikaamua kujenga bwawa la umeme, watu wakaambiwa bonde lote litazama, hameni. Nyie mngefanyaje? Wale walibomoa nyumba gogo kwa gogo, kila familia ikachonga alama yake kwa shoka, wakayafunga magogo yakawa vyelezo, wakayaachia mtoni. Mji mzima, jamani! Shule, kanisa, vyumba walimozaliwa bibi zao, vyote vinateremka na maji, na wenyewe wamesimama juu na kuku wao, wakielekea kilima cha huko mbele, ambako maji ya bwawa hayatafika.

Kwenye kona ya mto, chelezo cha Bi Glafira, mjane, kikagonga mwamba. Magogo ya ukuta mzima yakaenda zake. Na baridi ya kule si mchezo, theluji ikikukuta huna ukuta, huamki. Binti yake Nyura alikuwa ametoka kujifungua, kichanga kimefunikwa makoti chini ya turubai.

Jirani yake aliitwa Zakhar. Walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa Zakhar ale kabichi zote ambazo Glafira alitegemea kwa msimu wa baridi. Sasa wamefika kilimani, watu wanajenga upya, huyo Zakhar anakuja, anaburuta gogo lenye alama yake.

"Hilo la nini?" Glafira akauliza.

"La ukuta wako. Mengine yanakuja. Yalikuwa ya zizi la mbuzi."

"Eti nini? Mbuzi anilie kabichi, halafu mimi nikalale zizini kwake?"

"Zizi silijengi tena. Mbuzi nitalala naye ndani. Ana kelele, lakini hakufikii wewe."

Kichanga kikakohoa. Glafira akatazama mawingu, yamekuwa mazito, meupe.

"Haya, shika huko, Zakhar Ilyich."

Alimwita jina lake na la baba yake, ndiyo heshima ya kwao. Miaka mingi hakuwahi kumpa heshima hiyo. Wakainua gogo pamoja, na jingine, na jingine. Theluji ilipoanguka, mtoto alikuwa amelala ndani karibu na jiko.

Mnadhani ugomvi uliisha? Thubutu! Baadaye wakagombania uzio. Zakhar akasimama barabarani, mtaa wote unasikia, akapaza sauti:

"Nyumba yako na iungue, Glafira, na moshi wake…"

Dirisha likafunguliwa taratibu.

"Maliza, Zakhar Ilyich. Laani mpaka mwisho. Gogo lako limo ukutani."

Majirani waliokuwa wanacheka wakaacha, maana kila mmoja alianza kuwaza ni mikono ya nani iliinua kuta zake. Zakhar akautazama ukuta ule kama anauona leo. Akavua kofia, akaenda kuusogeza uzio nyuma, upande wake mwenyewe.

Ndiyo maana wanasema: usilaani nyumba ya jirani, gogo lako limo ukutani.